Wimbo Unaomwacha Mwenyewe Nyuma: Dansi ya Tabora, Disko na Njia ya Misafara

Nyimbo za kuchezwa ni miongoni mwa kazi za sanaa ambazo wahakiki wamezipa nafasi finyu mno, kwa kuwa hudhaniwa kwamba kazi yake huanza jioni na kuisha alfajiri, na kwamba wimbo uliotungwa ili kuwainua watu vitini hauna la kusema pindi watu hao wanaporejea makwao. Historia ya muziki wa Afrika Mashariki haikubaliani na dhana hiyo. Wimbo "Rangi ya Chungwa" wa bendi ya Nyanyembe Jazz ya Tabora, uliovuma katika miaka ya 1970, bado hupigwa harusini, redioni na katika kumbi za hoteli za Tanzania na Kenya, na mara nyingi huimbwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotungwa, ilhali hotuba nyingi nzito za enzi hiyo hakuna anayezikumbuka. Swali linalostahili kutafakariwa si kwa nini wimbo huo ulipendwa, kwani nyimbo nyingi hupendwa, bali ni kwa nini umebaki, na ni gharama gani iliyolipwa ili ubaki.

Kabla ya kulijibu swali hilo, ni vyema kuyatenga maneno ambayo mara nyingi huchanganywa. Muziki wa dansi, kwa maana inayotumika Tanzania, ni muziki wa bendi zenye magitaa, ngoma za tumba, besi na mara nyingi saksafoni au tarumbeta, ulioanza kukua mijini kati ya vita viwili vikuu vya dunia na kukomaa baada ya uhuru. Neno "Jazz" lililomo katika majina ya bendi hizo halikumaanisha muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans, bali lilikuwa alama ya bendi ya kisasa, yenye vyombo vya kizungu na watu waliovaa nadhifu. Disko ni jambo jingine: ni ukumbi ambamo muziki hutoka katika sahani au kanda badala ya wapigaji walio jukwaani, na pia ni aina ya muziki iliyozuka Marekani na Ulaya katika miaka ya 1970, yenye pigo moja zito la ngoma linalorudiwa bila kukoma ili mchezaji asipotee hatua. Dansi na disko vilikutana Tanzania vikiwa washindani, na ushindani huo unaeleza mengi kuhusu kudumu kwa wimbo.

Tabora haikuingia katika simulizi hili kwa bahati. Mji huo, ambao wafanyabiashara wa pwani waliuita Kaze walipojenga makazi yao Unyanyembe katikati ya karne ya 19, ulikuwa njia panda ya misafara: njia moja ilitoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo, nyingine ilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapelelezi Burton na Speke walifika hapo mwezi Novemba 1857, na Stanley na Livingstone walikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, mwaka 1872, baada ya Stanley kushuhudia mwaka uliotangulia vita kati ya Waarabu wa Unyanyembe na Mirambo, mtawala aliyedai haki ya kuisimamia njia iliyopita katika nchi yake. Wageni hao wote walitegemea kazi ya wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na ambao kila mmoja alibeba mzigo wa takriban kilo 30 wa pembe za ndovu, vitambaa, shanga au nyaya kwa safari ya miezi kadhaa.

Wapagazi hao hawakutembea kimya. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, yaani kiongozi wa njia aliyevaa mapambo ya kumtofautisha na wenzake, akishika bendera na kuanzisha wimbo ambao wengine waliuitikia, huku baragumu na ngoma vikitangaza kwamba msafara unakaribia kijiji. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya 19, anaonyesha kwamba watu hao walikuwa wafanyakazi wa mshahara wenye utamaduni wao wa njiani, na kwamba utamaduni huo ulisambaa kila walikopita. Wimbo katika mazingira hayo ulikuwa na kazi ya wazi: ulipanga hatua, ulipunguza uchovu, ulimdhihaki mtu mvivu na kumsifu jasiri. Wimbo usioweza kuitikiwa na umati wa watu waliochoka haukuwa na faida njiani, hata uwe mzuri kiasi gani, na kwa hiyo njia yenyewe ilikuwa mchujo.

Haifai, hata hivyo, kuipamba njia hiyo kupita kiasi. Misafara ileile iliyobeba nyimbo ilibeba pia watu waliotekwa, na wako waliopita Tabora wakiwa wamefungwa minyororo, wasioimba kwa hiari. Njia ya misafara ni urithi wenye pande mbili, nao unamfundisha mtafiti wa utamaduni kuwa mwangalifu: kusafiri kwa kitu, kiwe ngoma, lugha au vazi, si lazima kuwe ishara ya uhuru wa waliokisafirisha. Kiswahili chenyewe, ambacho baadaye kilikuwa lugha ya nyimbo zinazojadiliwa hapa, kilifika Tabora kwa njia hiyohiyo ya pembe na utumwa, kikapata wenyeji wapya walioifanya lugha ya biashara kuwa lugha ya mapenzi.

Reli ilibadilisha chombo bila kubadilisha mwelekeo. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, hivyo mji uliokuwa njia panda ya miguu ukawa njia panda ya treni. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliutwaa mji huo mwezi Septemba 1916, na baada ya vita askari, makarani na vibarua wa mashamba ya mkonge walieneza ngoma ya beni, ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975. Beni ilikuwa ngoma ya mashindano iliyoiga paredi na tarumbeta za kijeshi, iliyoanzia miji ya pwani ya Kenya na kuenea bara kwa makundi yenye majina yaleyale, Marini na Arinoti, kila ilikopita. Kwa mara ya kwanza mtu wa Tabora aliweza kuwa mwanachama wa kundi la muziki lenye ndugu zake Mombasa na Dar es Salaam, hata kama hakuwahi kufika huko.

Bendi za dansi zilirithi ramani hiyo. Sahani za muziki wa Kuba, zilizosambazwa Afrika kuanzia mwaka 1933 katika mfululizo uliojulikana kwa herufi GV, ziliwapa wapigaji wa mijini mdundo wa rumba, na kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika zikaja sahani na matangazo ya redio ya Kongo, yaliyokuwa na magitaa yanayojibizana kwa ufundi ambao haukuwa umesikika pwani. Tabora, iliyokuwa katikati, ilipokea pande zote mbili. Katika miaka ya 1950 Kiko Kids Jazz, iliyoongozwa na Salim Zahoro, ilijulikana mbali na mji wake, kisha zikafuata Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, ambayo jina lake lilitokana na utawala wa jadi wa Unyanyembe. Watu wa magharibi walipohamia Dar es Salaam kutafuta kazi, walikwenda pia na fahari ya kwao: Western Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Iddi Nhende, ilibeba jina la Jimbo la Magharibi ingawa makao yake yalikuwa mjini Dar es Salaam.

Kila bendi ilijitambulisha kwa mtindo wake, neno ambalo katika muziki wa dansi lina maana ya pekee: ni jina la namna ya kucheza na ya kupanga mapigo ambalo bendi hujitwalia liwe lake peke yake. Western Jazz walikuwa na Saboso, NUTA Jazz walikuwa na Msondo, na Tabora Jazz walijiita wana Segere Matata. Kwa msikilizaji wa leo majina hayo yanaweza kuonekana kuwa mbwembwe tu, lakini katika uchumi wa dansi yalifanya kazi ambayo nembo hufanya sokoni, na zaidi ya hayo yalimpa shabiki kitu cha kushiriki, kwa sababu mtindo haukusikilizwa bali ulichezwa, na anayeucheza ameshajiunga na upande.

Muundo wa wimbo wa dansi wa kipindi hicho nao unastahili kuangaliwa kwa makini. Sehemu ya kwanza huenda polepole, mwimbaji akisimulia kisa chake, mara nyingi cha mapenzi, cha safari au cha mawaidha, huku gita la rithim likishikilia msingi na gita la solo likijaza nafasi kati ya mstari na mstari. Kisha wimbo hugeuka: maneno hupungua, kiitikio hurudiwa, magitaa huanza kusukumana, na wachezaji waliokuwa wakiyumba taratibu huingia katika sehemu ambayo wanamuziki huiita chemko, kwa kuwa hapo ndipo joto la ukumbi hupanda. Wimbo mmoja kwa hiyo una wateja wawili, yule anayetaka kisa na yule anayetaka kucheza, na wote huondoka wameridhika. Disko halina mgawanyo huo, kwa kuwa pigo lake huwa lilelile tangu mwanzo hadi mwisho na maneno yake huwa machache kwa makusudi.

"Rangi ya Chungwa" ni mfano mzuri wa usanifu huo. Ni wimbo wa mapenzi, na jina lake linamsifu mpenzi kwa rangi ya ngozi yake, katika desturi pana ya Waswahili ya kuzitaja rangi za watu kwa vitu vya shambani na jikoni. Sauti yake ya kuimba haipandi mno wala haishuki mno, kwa hiyo mtu asiye mwimbaji anaweza kuifuata. Magitaa yake yanatambulika tangu mwanzo, na mapigo yake hayamkimbizi mchezaji mzee wala kumchosha kijana. Jambo la msingi zaidi ni kwamba wimbo huo haudai bendi nzima. Mtu mmoja mwenye gita anaweza kuupiga barazani ukatambulika, watu wawili wanaweza kuuimba wakiwa safarini bila chombo chochote, na bendi ya hoteli inaweza kuupunguza au kuurefusha kadiri ya wageni waliopo. Sifa unayoitoa inaweza hata kubishaniwa leo, katika jamii inayojadili madhara ya mkorogo, yaani vipodozi vya kuchubua ngozi, na mabishano hayo hayaupunguzii nguvu, kwani wimbo unaobishaniwa bado unasikilizwa.

Namna wimbo huo na wenzake walivyosambaa ilitokana kwa kiasi kikubwa na uhaba. Tanzania ya miaka ya 1970 haikuwa na biashara ya sahani iliyoweza kukidhi mahitaji ya bendi zake. Rekodi nyingi zilifanywa na Redio Tanzania Dar es Salaam, kwa kifupi RTD, katika kanda ambazo zilibaki maktabani mwa redio kwa ajili ya matangazo, na bendi iliyotaka sahani ya kuuzwa ilitegemea kampuni za Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na mlango huo ukawa mwembamba zaidi. Kwa hiyo mamilioni ya watu walizijua nyimbo ambazo hawakuwa na njia ya kuzinunua, wakizisubiri katika vipindi vya salamu ambamo wasikilizaji walitumiana majina na kuchaguliana nyimbo.

Uhaba huo, ambao kwa mwanamuziki ulikuwa hasara tupu, ulikuwa na tokeo moja lisilotarajiwa. Kitu kisichoweza kununuliwa ili kiwekwe kabatini hakina budi kuwekwa kichwani, na ndivyo vijana wenye magitaa walivyojifunza nyimbo za Tabora redioni, mstari kwa mstari, na bendi ndogo za wilayani zikazikopi, yaani zikazipiga nyimbo za wengine kama zilivyosikika. Neno kukopi wakati mwingine hutamkwa kwa dharau, kana kwamba bendi inayokopi haina akili yake, lakini bila wakopi hao wimbo ungebaki katika kanda moja ya maktaba ukisubiri hiari ya mtangazaji. Walikuwa wapagazi wa enzi ya redio: kila mmoja aliuchukua mzigo kwa hatua chache, akaukabidhi kwa mwingine, na mzigo uliofika mbali ulikuwa ule uliofungwa vizuri tangu ulikotoka.

Disko lilifika katika hali hiyo. Serikali ya Tanzania ilikuwa na wasiwasi wa muda mrefu kuhusu muziki wa nje. Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alisikitika kwamba wasomi walijua kucheza rumba na chachacha na twist ilhali ngoma kama gombe sugu na kiduo hawakuzijua, na mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam. Inafaa kukumbuka kwamba rumba, iliyotajwa katika hotuba ile kuwa ya kigeni, ndiyo iliyokuwa damu ya bendi ambazo baadaye taifa lilizihesabu kuwa hazina yake. Marufuku hayakuzuia ladha za vijana wa mijini, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kumbi za disko za Dar es Salaam zilikuwa zimepata wafuasi wengi.

Sababu kubwa ya disko kuwavuta wafuasi hao ilikuwa gharama. Bendi ya dansi ilikuwa na watu kumi na tano au zaidi, ambao walihitaji mshahara, usafiri, malazi na vyombo, na baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 fedha za kigeni za kununulia nyuzi za gita, vikuza sauti na vipuri zilikuwa adimu mno. Disko lilihitaji mashine, spika na mtu mmoja, yaani didjei, ambaye hakuchoka, hakugombea mshahara na kiongozi wa bendi wala kuhamia bendi nyingine usiku wa manane. Disko lilivipata pia vijiji na rika ambazo bendi hazikuzifikia: kulikuwa na disko toto kwa ajili ya watoto mchana wa sikukuu, na disko vumbi katika viwanja visivyo na sakafu, ambako jenereta moja lilitosha kuukesheza mji mdogo. Katika mji wa mkoani, ambako wateja wa mlangoni ni wachache na njia ya kwenda Dar es Salaam ni ndefu, hesabu hiyo ilikuwa kali zaidi.

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kuliona disko kama adui aliyeua dansi, kwa sababu disko lenyewe lilipita katika mchujo uleule. Tarehe 12 Julai 1979 sahani za disko zililipuliwa hadharani katika uwanja wa besiboli wa Chicago, na katika miaka michache soko la muziki huo Marekani likaanguka, nyingi ya nyimbo zake zikapotea bila kuliliwa. Zile zilizobaki Afrika Mashariki ni zile ambazo watu waliweza kuziimba mashine ikiwa imezimwa. Kundi la Boney M, lililoundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian kwa waimbaji wenye asili ya visiwa vya Karibi, linaonyesha jambo hilo wazi. "Rivers of Babylon," waliyoivumisha mwaka 1978, haikuwa yao: ilitungwa Jamaika na The Melodians mwaka 1970 kwa maneno yaliyotokana na Zaburi, nayo inazungumzia watu waliochukuliwa mateka hadi nchi ya ugeni. Kila Desemba nyimbo zao za Krismasi husikika tena madukani na ndani ya mabasi kote Afrika Mashariki, katika nchi ambako kumbi za enzi yao zilifungwa zamani.

Kundi hilohilo lilirekodi "Malaika" mwaka 1981, wimbo wa Kiswahili uliokuwa umetoka Afrika Mashariki zamani, ukapitia kwa waimbaji Miriam Makeba na Harry Belafonte, kisha ukarudi kwa wenyewe ukiwa umevishwa pigo la disko. Wimbo huo ulirekodiwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Fadhili William, lakini Adam Salim naye alidai kuwa ndiye aliyeutunga miaka mingi kabla, na ubishi huo uliendelea hadi baada ya Fadhili kufariki mwaka 2001. Hapa ndipo gharama iliyotajwa mwanzoni inapoanza kuonekana. Wimbo unaoweza kupigwa na yeyote hufika haraka mahali ambapo hakuna anayeuliza ulikotoka, na kadiri unavyopendwa ndivyo msikilizaji anavyozidi kuamini kwamba umekuwepo siku zote. Umaarufu wa kiwango hicho hufanana sana na usahaulifu, isipokuwa kinachosahauliwa ni mtu na kinachokumbukwa ni kazi yake.

Maisha ya mwanamuziki Shem Karenga yanaonyesha sura ya Tabora ya jambo hilo. Alikuwa mtu wa Kigoma, mwisho wa reli, akavuma akiwa na Tabora Jazz kwa wimbo "Asha," kisha akaelekea mashariki hadi Dar es Salaam, ambako alikuwa na bendi ya MK Beats na baadaye akaongoza Tabora Jazz Star, bendi iliyolibeba jina la mji wa bara ikiwa pwani. Alipofariki mwezi Desemba 2014, wimbo wake ulijulikana na watu wengi kuliko sura yake. Safari yake kutoka ziwani hadi baharini ilifuata njia ileile ya misafara na ya treni, na kwa kila kituo wimbo ulimtangulia. Hilo si tukio la mtu mmoja, bali ni utaratibu mzima wa muziki wa magharibi ya Tanzania, ambao ulitengeneza nyimbo mahali pamoja zikatambuliwa mahali pengine.

Inaweza kudaiwa kwamba kudumu kwa nyimbo hizi ni suala la wazee kuukumbuka ujana wao, na kwamba kizazi hicho kikimalizika nazo zitakwisha. Hoja hiyo ina ukweli kiasi, kwani vipindi vya zilipendwa, ambavyo hupiga nyimbo za zamani kwa wasikilizaji wa makamo, vimekuwa ngome kuu ya muziki huo. Lakini haielezi kwa nini kijana wa miaka ishirini huinuka kucheza "Rangi ya Chungwa" harusini bila kuvutwa na kumbukumbu yoyote, wala kwa nini mwaka 2017 mwimbaji Diamond Platnumz na wasanii wenzake wa lebo ya WCB waliona faida ya kibiashara katika kuuita wimbo wao "Zilipendwa." Wala haielezi jambo la ajabu kidogo kwamba disko vumbi, lililodhaniwa kuziba pengo la bendi, lilikuwa likichanganya bolingo la Kongo, nyimbo za Ulaya na dansi ya zamani katika usiku mmoja, na kwa hiyo mashine iliyowakosesha wapigaji kazi iliwatafutia watunzi wasikilizaji wapya.

Kutokana na hayo, jibu la swali la mwanzo linaweza kuelezwa kwa uwazi zaidi. Wimbo wa kuchezwa hudumu si kwa sababu ya chombo kilichousambaza, kiwe treni, redio, kanda au simu ya mkononi, kwa maana vyombo hivyo vyote vilisambaza pia nyimbo zilizokufa. Hudumu unapokuwa umetungwa kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuuchukua na kuufanya wake: kisa chake kiwe cha kila mtu, sauti yake ifikiwe na wengi, na mapigo yake yavumilie kupunguzwa. Mji uliozoea kwa zaidi ya karne moja kupokea vitu vya watu na kuvipeleka mbele ulikuwa mahali pafaapo kwa watunzi wa nyimbo za namna hiyo, na si ajabu kwamba mji wa ukubwa wa wastani, mbali na studio zote, ulitoa nyimbo ambazo miji mikubwa zaidi haikuzishinda.

Lakini sifa hiyohiyo ndiyo inayomwacha mtunzi nyuma, na hapa uzuri wa jambo haupaswi kuficha wajibu wake. Sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maishani mwake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, lakini ulinzi huo una maana pale tu inapojulikana nani alitunga nini, na kwa muziki wa bendi, ambamo wimbo ulitungwa na mmoja, ukapangwa na wengi na kutangazwa kwa jina la bendi, ujuzi huo umo katika kanda na kumbukumbu za redio ya taifa, ambayo tangu mwaka 2007 ni sehemu ya TBC, na katika vichwa vya wazee wachache waliosalia. Mtangazaji wa RTD alikuwa na desturi ya kuutaja wimbo, bendi na mji wake kabla ya kuupiga, na desturi hiyo ndogo ilikuwa kumbukumbu ya umma inayorudiwa kila siku. Leo wimbo huohuo husambazwa kwenye simu bila jina la bendi, au kwa jina la aliyeukopi, na hakuna aliyekusudia wizi. Anayeupiga wimbo wa Tabora, awe bendi ya hoteli, didjei au mtu mwenye simu, hadaiwi kuacha kuufanya wake, kwa kuwa bila hivyo usingemfikia. Anadaiwa kusema kwamba ni wa Nyanyembe Jazz au wa Tabora Jazz, na kwamba umetoka Tabora, kwani hicho ndicho kipande pekee cha wimbo ambacho wimbo wenyewe hauwezi kukibeba.